Maharagi Yanangoja Jina

ODETTE: —usiku mmoja tu! Nimelala inje usiku mmoja, narudi nakuta mbabula yangu ya makaa iko kwako, inanuka samaki ya sambaza! Hata mwizi anangojaka muntu azikwe, Maman Bashige! Nini? Uliiazima kwa nani? Kwa mulango? Ngoja, simu inalia. Usitoroke. Haloo? Ni nani huyu wa namba ya Rwanda?

GRACIA: Yaya, ni miye.

ODETTE: Miye nani?

GRACIA: Gracia! Mudogo wako! Tumeachana leo asubuhi pale Kamembe, umeishanisahau?

ODETTE: Aa. Nilifikiri ni batu ba kusema nimeshinda gari. Ulifika?

GRACIA: Nilifika, lakini Mungu njo anajua namna gani. Yaya, bila weye ile bisi ni gereza. Hakuna wa kunigombania kiti! Banikalisha na muzee mwenye bata. Bata njo alikuwa na dirisha.

ODETTE: Ungemusukuma.

GRACIA: Muzee?

ODETTE: Bata.

GRACIA: Alikuwa ananiangalia vibaya. Halafu nikashuka Bugarama, mbele ya mashini ya mupunga, nafikiri ni Nyakabuye. Batu bakacheka mpaka bakakaa chini. Na Kinyarwanda yangu unaijua, ni «murakoze» tu, ile asante yao. Nimesema murakoze kwa mwenye pikipiki, murakoze kwa polisi, murakoze kwa mbuzi.

ODETTE: Mbuzi ilijibu?

GRACIA: Ilijibu mbele polisi hajajibu. Na weye, mguu?

ODETTE: Mguu gani?

GRACIA: Mguu uliovimba! Uliosema hauwezi kufika Nyakabuye kwa mudogo wetu Béata!

ODETTE: Aa, huo. Uko... unavimba polepole.

GRACIA: Lakini nimekusikia unamukimbiza Maman Bashige.

ODETTE: Namukimbiza na mguu muzima. Sema shida yako, inite ya simu inaisha.

GRACIA: [anashusha sauti] Yaya, niko kando ya nyumba, karibu na jiko. Banani—[rezo ya simu inakwaruza]—bote bananiangalia.

ODETTE: Banakuangalia juu ya nini? Ulivaa ile nguo, ile robe?

GRACIA: Juu ya jina! Leo si njo siku ya kupa mutoto jina? Kila muntu anasema jina yake, halafu baba anachagua. Upande wa Protais, baba ya mutoto, bameisha kumaliza. Muzee Niyomugabo, babu ya Protais, alisema Byiringiro. Jirani wao Wenceslas, ule wa pombe ya ndizi, akasema Champion.

ODETTE: Champion kwa mutoto mwanamuke?

GRACIA: Alikuwa ameishaonja. Na kitoto kimoja kikasimama, kikasema mutoto aitwe Maharagi.

ODETTE: Maharagi!

GRACIA: Juu banafunika sufuria ya maharagi, yaya! Hapa chakula hakigawiwi mbele ya majina kuisha. Batoto bameketi chini, mikono imenawa mpaka imekauka, banaangalia sufuria, banageuka, bananiangalia miye. Sasa ni upande wa Béata, mama ya mutoto. Ni upande wetu.

ODETTE: Basi sema jina.

GRACIA: Na weye mukubwa uko? Miye nitangulie kusema mbele yako? Unataka nipate mukosi? Niliwaambia bangoje nikupigie. Muzee Niyomugabo akasema na Kiswahili: «Sawa, mukubwa aseme kwanza, tutangoja.»

ODETTE: Mungoje.

GRACIA: Yaya!

ODETTE: Miye niseme jina kama nani? Ule Béata, nani alimulea kisha mama kufa? Nani alimusuka mpaka vidole vikakufa ganzi? Na siku anaolewa niliisikia wapi? Niliisikia kwa huyu huyu mwizi wa mbabula! Alikuja kuomba chumvi, akaniambia: «Félicitations, hongera, mudogo wako ameolewa Rwanda.» Chumvi ilinianguka. —Ndiyo, Maman Bashige, nakusema weye! Kaa hapo hapo!

GRACIA: Aliogopa utakataa.

ODETTE: Ningekataa, ndiyo! Ningekataa wiki moja, halafu ningekuja kucheza ngoma! Njo kazi ya mukubwa hiyo. Yeye alininyima hata nafasi ya kukataa.

GRACIA: Juu ya hiyo njo mguu ukavimba.

ODETTE: Usinichokoze.

GRACIA: Yaya, inite inaisha. Mwambie Béata hayo weye mwenyewe, basi.

ODETTE: Yeye anasema nini?

GRACIA: Hasemi. Tangu nifike, amekaa kwa mulango na mutoto. Alinikumbatia, lakini macho yake yalikuwa inyuma yangu, kwa barabara. Kama vile kuko muntu wa pili anafunga kiatu, atafika sasa hivi.

ODETTE: [anavuta kiti, anakaa]

GRACIA: Haloo? Yaya? Rezo imekata?

ODETTE: Haijakata.

GRACIA: Na ameweka sahani mbili za wageni. Mama mukwe wake alitaka kuondoa moja. Béata akashika sahani na mukono.

ODETTE: Huyo mutoto anafanana na nani?

GRACIA: Na Protais. Ndiyo bahati yake.

ODETTE: Masikini ya Mungu.

GRACIA: Lakini masikio ni ya mama yetu.

ODETTE: Yale ya kusimama?

GRACIA: Yale yale. Unaona ni kama anasikiliza mambo ya majirani.

ODETTE: [anacheka kidogo, anakohoa] Mama alisikilizaka mpaka mambo ya ng'ambo ya muto.

GRACIA: Yaya, Wenceslas anasimama tena, anataka kurudilia Champion. Batoto banapiga kelele «Maharagi! Maharagi!» Nitasema nini?

ODETTE: Wanyamazishe. Sema... Nabintu.

GRACIA: Jina ya mama?

ODETTE: Uko kiziwi?

GRACIA: Lakini uliliweka kwa mutoto wako. Ulitukatazaka hata kulitaja. Miye mwenyewe, kwa mutoto wangu wa kwanza, uliniambia: «Chukua majina yote, hiyo usiguse, ni ya binti yangu.»

ODETTE: Na binti yangu iko wapi? Unamuona hapo? Miye mwenzako kila mwaka nabeba nguo za kanisa kwenda kuomba mutoto, na mwaka unaisha na nguo tu. Nimeliweka mpaka limekula vumbi. Jina si sahani ya wageni, Gracia. Lipeleke kwa mutoto anayesikia.

GRACIA: Yaya...

ODETTE: Usianze kulia, inite! Sema kwa nguvu, ule muzee asikie!

GRACIA: [mbali na simu] Batu ba hapa! Yaya wetu mukubwa, wa Bukavu, anasema: Nabintu! Jina ya mama yetu! [kelele, vigelegele, sufuria inagongwa] Yaya, umesikia? Protais amesimama, anasema anachagua hiyo! Muzee Niyomugabo anapiga makofi! Wenceslas anasema Champion inaweza kuwa jina ya pili!

ODETTE: Mwambieni anyamaze. Na ule? Anasema nini?

GRACIA: Béata? Analia mpaka mutoto ameshangaa.

ODETTE: Mwambie asilie, maziwa yatakauka. Mwambie... mwambie mguu utapona kwa Paska.

GRACIA: Anasema sahani yako itabakia kwa meza mpaka uvimbe ushuke. Ngoja, wamefunua sufuria! Batoto bamevamia! Bananiita: «Dada, ingia, kaa hapa, kula!» Yaya, naenda, murakoz—

ODETTE: Gracia? Haloo? ... Haloo? Imekwisha. Mtoto wa watu, hata kuaga ni kwa murakoze. [anavuta makamasi] Maman Bashige! Usijifanye unafagia, hapo hapana uchafu. Ulisikia yote. Ndiyo, Nabintu. Ndiyo, niliisema miye, kwa mdomo wangu. Kesho utaitangaza mpaka Kadutu, njo kazi yako, sikukatazi. Lakini kwanza ile mbabula uirudishe hapa. Pamoja na sambaza iliyo juu yake. Hapana, usiipakue kwako. Ibebe hivyo hivyo, ingia nayo. Fufu nitasonga miye. Keti, mwizi weye. Tukule.