Doreen Hathersage na Kitaa cha Saa Elfu Moja

Miaka thelathini na moja na miezi miwili: huo ndio utumishi wa Bi. Doreen Hathersage katika maabara yetu hapa Cambridge. Ijumaa hii, tarehe 27 Septemba 1996, anatundika koti lake jeupe. Nimepewa mimi, Clifford wa stoo, niandike, kwa kuwa mengine tuliyaona wawili tu.

Alianza kwa kuosha chupa. Ilipozuka habari ya plastiki inayotoa mwanga ikipitishiwa umeme, wasomi wakachora maumbo ubaoni, Doreen akashika kazi yenyewe: tone juu ya kioo, kioo kinazungushwa kwa kasi, unabaki utando mwembamba kiasi kwamba unywele wangu mmoja ni mnene mara mia saba. Utando wake haukuwahi kuwa na doa. Wa wale wasomi, madaktari wetu wa sayansi, sitautaja.

Februari 1994 tuliponea chupuchupu. Kitaa chetu cha kijani, taa ya utando huo ndogo kama ukucha wa mtoto, kilikuwa kinawaka ndani ya chupa ya naitrojeni, maana hewa hukiua. Wafadhili walitaka kiwake saa elfu moja mfululizo. Kikizimika, hesabu inarudi sifuri, na ajira za watu sita zinakwisha Machi.

Umeme wa jengo zima ulipangwa kukatwa Jumamosi asubuhi, kitaa kikiwa kimefika saa ya 961. Tangazo lilibandikwa juu ya sinki la kuoshea vikombe vya chai. Madaktari wetu chai wanaijua; sinki hawalijui. Aliyelisoma ni Doreen, zikiwa zimebaki saa mbili.

Akanipigia simu nyumbani.

“Cliff, ng'oa betri ya gari lako uje nayo. Na ya mkeo.”

Nikamuuliza Doreen, mke wangu ataendaje kwa mama mkwe wake.

“Atanishukuru,” akasema, akakata simu.

Nilipanda ghorofa tatu na betri moja kila kwapa, bila kupumzika. Wanaosema nilikaa kwenye ngazi mara mbili hawakuwepo. Doreen alikuwa ameshaunga kijisanduku cha kupunguza nguvu ya umeme. Akaunganisha betri kwanza, ndipo akachomoa waya wa ukutani. Kitaa hakikupepesa. Dakika tano baadaye jengo likazimika.

Profesa Pargeter, mkuu wa maabara, akaja mbio, koti la mvua juu ya nguo za kulalia, akiuliza tumepoteza saa ngapi.

“Hata moja, Profesa,” Doreen akamjibu. “Ila una vikombe viwili pale sinkini.”

Akavua koti, akaviosha.

Jumatatu tulikuta saa elfu zimeshapita, kinawaka bado. Doreen akaandika daftarini, akakizima mwenyewe, akaenda kuandaa kioo kingine. Wale sita wako nasi mpaka leo, na mmoja amenunua nyumba.

Asante, Doreen, kwa niaba yao na yetu sote. Tarehe mosi Oktoba tunawasha kitaa cha saa elfu kumi. Maisha yako huko pwani Cromer unakohamia yawe ya heri na raha. Simu tu usiikate.