Kisima Kilichokula Gawio

Katika bajaji iliyotoka Magamba tulikuwa wanne: dereva, Mzee Kassiani, mama mmoja mkulima wa alizeti, na mimi. Mzee alikumbatia bahasha ya hisa zake za kiwanda cha kukamua alizeti, akienda Mpanda kuziuza.

“Gawio letu wamechimbia kisima cha ng'ombe wa watu,” alilalamika. “Mimi sina hata mbuzi.”

“Baba, ng'ombe hao walikuwa wanapita shambani kwangu kwenda mtoni,” mama alijibu. “Mwaka jana niliwaletea kiwandani magunia matatu, mwaka huu thelathini. Bila kisima mngekamua nini, hiyo bahasha?”

Dereva alicheka. Mimi, kwa adabu, nilitazama nje.

Bajaji iliposimama stendi, mzee hakushuka. “Nirudishe Magamba,” alitutangazia. “Siuzi. Ila kwenye mkutano mkuu nitauliza kwa nini hatukushirikishwa.”