Lavani ya Fundi Masoud

Baraza ya Bwana Abdulla, mshona kofia wa Mkunazini, haikosi watu Ijumaa baada ya laasiri, na Ijumaa ile ya mwisho ya Shaabani, mwaka 1970, ilijaa kupita kiasi. Kificho, ambaye mtaa mzima humwita Redio, ila hii haizimiki, alikuwa keshakaa pembe yake. Ame alikuwepo, yule mfunga vidonda wa hospitali anayeitwa Daktari na kuitika bila haya. Duni muuza kahawa alikuwa keshalitua dele lake la kahawa. Wote walikuja kwa jambo moja. Mkwe wa Bwana Abdulla, Fundi Masoud, aliyekuwa akitengeneza saa Darajani, aliacha kazi mwaka juzi akaenda Kidichi kulima eka tatu alizopewa na serikali. Bwana Abdulla alimzuia binti yake, Shemsa, asimfuate huko kwenye banda la makuti. Tena siku moja, hapo hapo barazani, akatoa neno: Masoud asipokuja na cha maana kabla ya Ramadhani, itabidi aandike talaka. Siku zilikuwa zimekwisha. Bwana Abdulla alishona kofia yake kama hajali, lakini sindano ilikuwa imeshamchoma mara mbili. Kwa kweli alimpenda Masoud, na lile neno lilimtoka kwa hasira.

— Hatokuja, alisema Redio. Saa zilimshinda, ataliweza jembe?

— Saa hazikumshinda, alijibu Duni akimimina. Wenye saa ndio walioondoka. Sisi tuliobaki tunatazama jua.

— Mie nnasema kitaalamu, alidakia Daktari. Mkono wa fundi saa hauna nguvu. Tena nimesikia muhogo kaupanda juu chini!

— Juu chini vipi?

— Kijiti kakitia kichwa ardhini, miguu hewani. Muhogo ule utazamia moja kwa moja, utokee upande wa pili wa dunia.

— Basi watakula Wachina, alisema Redio. Lakini yakhe, muhogo si kitu. Kuna mmea pale shambani kwake unatambaa juu ya miti, haujazaa hata mara moja. Majirani wote wamemwambia aung'oe. Yeye kila alfajiri anakwenda kuyashika maua yake, moja moja, akiyanong'oneza.

— Anayanong'oneza nini?

— Mie nitajuaje? Kwani nilikuwepo?

Daktari aliweka kikombe chini. Alipofanya hivyo, watu walijua linakuja kubwa.

— Basi hilo si la kilimo tena. Pale Kidichi yapo mahamamu ya Kiajemi. Yamekaa tupu miaka chungu nzima. Nyie mnadhani nani anaoga mle?

— Toba!

— Jini wa kike, bwana! Kampenda fundi. Hayo maua ndiyo mahari.

— Mahari ya kutolewa kila alfajiri? aliuliza Duni.

— Ukoo wake mkubwa. Kila mmoja anataka lake.

Baraza iliangua kicheko. Bwana Abdulla aliinamia kofia, uso umemwiva. Alitamani kuwaambia wanyamaze, lakini angeanzia wapi? Mwenyewe hajakanyaga Kidichi tangu mkwewe ahamie. Mara kengele ya baiskeli ikalia uchochoroni.

Alikuwa Masoud. Jua lilikuwa limempiga, mabega yamemtanuka, na nyuma ya baiskeli kafunga gunia.

— Shikamoo, baba.

— Marahaba, mwanangu, alijibu Bwana Abdulla. Umekuja na nini?

Masoud alilifungua gunia. Daktari alichomoa muhogo mnene kama paja lake.

— Huu nao ulipandwa juu chini?

— Ule wa mwaka wa kwanza ndio nilioupanda juu chini, alisema Masoud, hakuona aibu. Mwaka wa pili sikurudia.

Kisha akatoa mkebe uliozungushiwa kipande cha blanketi. Ndani mlikuwa na vijiti vyeusi vilivyokunjamana.

— Majongoo! alipiga kelele Redio. Si nshawaambia? Jini kamtuma!

Lakini harufu ilikuwa imeshatoka. Ilikuwa tamu, nzito, ikaifunika hata kahawa. Mama mmoja aliyekuwa akipita na kapu alisimama akavuta pumzi, akasahau anakokwenda.

— Lavani! alisema Duni. Si ndiyo ile vanila ya chupa, ya kutia kwenye keki?

— Ya chupa inatokana na hii, alisema Masoud. Ule mmea si tasa, jamani. Ua lake lina dume na jike ndani, baina yao kipazia chembamba. Huko mmea ulikotoka yupo mdudu wa kukifunua. Huku hayupo. Ua linachanua asubuhi moja tu, adhuhuri limekufa. Mfanyakazi mmoja wa shamba la serikali la Kizimbani alinionyesha: unachukua mwiba wa mdimu, unakinyanyua kipazia, unawakutanisha. Mkono wa jembe hulipasua ua. Wangu umezoea kushika vigurudumu vya saa. Tunda likakaa miezi tisa, kama mtoto.

— Kwa hiyo wewe umefanya kazi ya mdudu? aliuliza Redio.

— Naam. Nimefanya kazi ya mdudu.

Bwana Abdulla alikichukua kijiti kimoja, akakinusa, akakinusa tena. Furaha ilimpanda mpaka akasimama wima, kofia ikamdondoka kutoka mapajani.

— Mmeona? Mmemwona mkwe wangu?

— Mie nilisema tangu mwanzo huyu atafika mbali, alisema Daktari.

— Wewe ulisema jini!

— Nilisema jini mwema!

Hapo tena baraza ikageuka. Redio akataka watoke wote Mkunazini wakalime lavani. Daktari akasema pasina kupimwa vidole na mtaalamu hapana. Bwana Abdulla naye akachanganyikiwa kwa raha: Shemsa aende baada ya Idi, na karamu kwanza! Hapana, akasema Redio, mwezi mzima baada ya Idi, na ngoma mbili. Wakabishana ngoma gani.

Shemsa alitoka mlangoni, buibui mwilini, sanduku mkononi. Hakuitazama baraza. Alimtazama mumewe.

— Maua mengine yanachanua lini?

— Yameshaanza. Kesho alfajiri kama mia mbili. Mikono yangu haitoshi. Yatakayonipita yatakufa.

Ndipo Shemsa akawageukia watu wa baraza.

— Baba, sasa mnangoja nini?

Duni aliliinamisha dele, halikutoka hata tone. Bwana Abdulla akalipokea sanduku la binti yake, akalifunga nyuma ya baiskeli kwa mikono yake mwenyewe, na kamba akaikaza.