Laurenti Banzi na Majina Mia na Kumi ya Mgongela

Baba Paroko, viongozi wa Mamlaka mliokaa mbele, ndugu na majirani: anayewasomea ni Bernadeta Kalisti Banzi, dada mkubwa wa marehemu. Kamati ya mazishi iliniomba wasifu uwe mfupi, na nikifika penye kifo niandike tu kwamba aliugua. Nimeandika kilichotokea. Atakayeona kirefu asogee kivulini, nafasi bado ipo.

Laurenti Kalisti Banzi alizaliwa tarehe 10 Agosti 1976 hapa hapa Mgongela, juu ya Kilakala, mji unapokwisha na mlima unapoanza. Ilikuwa sikukuu ya Mtakatifu Laurenti, kwa hiyo jina halikumsumbua mtu. Alikuwa mtoto wa pili wa mzee Kalisti na mama yetu Mariana, na mvulana pekee kati yetu watatu. Alipokuwa na miaka minane alifungua kamba ya kuanikia nguo, akaifunga mafundo, akaenda kupima matuta yote ya maharage ya mama. Mama aliporudi kutoka mtoni na beseni la nguo mbichi akakuta miti miwili haina kamba. Alimchapa kwa kamba ile ile, na huku anachapwa Laurenti alikuwa anamwambia kwamba tuta la tatu limepinda.

Alisoma shule ya msingi hapa mtaani mwaka 1984 hadi 1990, akaendelea Kigurunyembe hadi kidato cha nne. Mwaka 1997 alijiunga na Chuo cha Ardhi Morogoro, akatoka 1999 akiwa fundi sanifu wa upimaji. Alianza kazi kwenye majaruba ya mpunga kule Dakawa, akatoka huko na malaria na kofia ya ukindu ambayo hakuiacha tena. Baadaye alihamia Gairo, akapima viwanja vya soko. Mwaka 2019 serikali ilipounda Mamlaka ya kupanga makazi, barabara na maji ya mji huu unaopanuka kila siku, Laurenti alichukuliwa awe mpima wa upande wa mlimani. Alifurahi sana. Alisema hatimaye mama zetu watapata bomba, na magari ya wagonjwa yatafika mlangoni.

Alifunga ndoa na Janeth tarehe 24 Septemba 2005, Gairo. Siku ya harusi alibishana na wenye turubai kwamba wamelifunga upande, akawafanya walifungue na kulifunga upya huku bibi harusi anasubiri kwenye gari. Janeth alimwambia kuwa akipima kitu kingine siku hiyo anarudi kwao. Walijaliwa watoto wawili, Happiness na Kalisti.

Sasa nafika pale ambapo kamati haikutaka nifike.

Kwetu Waluguru ardhi inafuata lukolo, yaani ukoo wa mama. Mwanamume anaoa, anahamia kwa mke, analima shamba la wakwe zake, na ndoa ikivunjika anaondoka na nguo zake. Ardhi inabaki kwa mke na kaka zake. Kila mtoto wa Mgongela anajua hivyo, na Laurenti alikuwa mtoto wa Mgongela. Lakini fomu ya Mamlaka ilikuwa na mstari mmoja tu wa jina, na mstari huo uliitwa Mkuu wa Kaya. Orodha ilitakiwa ifike ofisini kabla ya tarehe 30 Juni 2022, mwaka wa serikali usije ukafungwa. Laurenti alikuwa na nyumba mia na kumi na siku sita. Alipita mlango kwa mlango, akauliza mkuu wa kaya ni nani, na kila mlango ukamtolea mwanamume. Akaandika wanaume mia na kumi juu ya ardhi ya wake zao. Kwangu aliandika jina la mume wangu, Severini Pwele. Nilikuwa nimesimama pale pale namkaangia mihogo, na wala sikuuliza anaandika nini.

Tarehe 8 Septemba mwaka huo matingatinga mawili yalipanda kufungua barabara. Nyumba ishirini na tatu zenye alama nyekundu ya X zilivunjwa kabla ya saa sita mchana. Wenyewe mnakumbuka. Ukuta wa jiko la bibi Hidaya ulianguka na yeye yumo ndani, tukamtoa miguu imegeuka. Askari walirusha mabomu ya machozi mpaka kuku wakafa. Laurenti alikuwa amesimama pembeni ameshika ramani, na watu wa mtaa wake walimtemea mate wakipita. Hakujifuta.

Lakini si kuvunjwa nyumba kulikotuua. Kilichotuua ni orodha ya viwanja ilipobandikwa Januari 2023. Waume wakajisoma pale ukutani. Wengine walicheka, wakaenda kulima kama kawaida yao. Wengine usiku mmoja uliwatosha kugeuka kuwa wenye nyumba. Ahmadi alimwambia mkewe Mwanahawa ahame, anataka kuingiza mke mwingine. Mwanahawa alipokataa kuondoka kwenye nyumba aliyozaliwa, Ahmadi alimpiga kwa mchi wa kutwangia, akamvunja mkono na taya. Kaka yake Mwanahawa, Twalibu, akashuka kutoka shambani na panga. Ahmadi alikatwa mlangoni, akafia mlangoni, na watoto wakiangalia. Twalibu leo anatumikia miaka thelathini. Damu ile ilikaa kwenye kizingiti mpaka masika.

Laurenti alikuja wiki iliyofuata. Aliitisha mkutano kwenye uwanja wa shule, akapanda juu ya dawati, akasema: "Kosa ni langu. Nilijua ardhi ni ya nani, nikaandika jina la mwingine kwa sababu nilikuwa na haraka."

Walimpiga kwa mawe. Aliondoka pale amepoteza meno mawili. Na mimi nilimfuata mpaka kwenye gari nikamzaba kofi mbele za watu. Nalitaja kofi lile kwa kuwa lilikuwa la haki, na yeye aliniambia hivyo hivyo.

Kuanzia hapo kazi yake ilikuwa moja: kurudisha majina. Fomu ya marekebisho ilitaka saini ya mume, saini ya mke, shahidi wa ukoo, na afisa mmoja. Afisa alikuwa yeye. Alikaa kwenye vigoda vya watu, akanyimwa maji, akaachiwa mbwa, akarudi kesho yake. Waume wengi walisaini, na nawashukuru hapa mbele ya jeneza lake. Wengine walisaini baada ya kubembelezwa miezi. Wachache waliapa kwamba atakayewatoa kwenye karatasi ile watamtoa duniani.

Mmoja wao alikuwa mume wangu. Nitasema ukweli juu ya Severini, maana nimeishi naye miaka ishirini na sita. Hakuwa mtu mbaya. Alipanda migomba yote mnayoiona hapa, akajenga nyumba kwa mikono yake, na miaka yote hiyo wajomba zangu walimwita "mgeni wetu". Siku alipoliona jina lake ukutani alilia. Ilikuwa mara ya kwanza maishani mwake jina lake kuandikwa juu ya udongo wowote.

Jumamosi tarehe 11 Mei 2024 Laurenti alikuwa kwenye uwanja wa shule akisoma majina yaliyorekebishwa. Alikuwa amefika jina la hamsini na sita. Wanaume watano waliingia na mapanga na mipini ya majembe. Watu walikimbia. Laurenti hakukimbia, alifunika zile karatasi kwa mwili wake kama mtu anayefunika moto usizimwe na mvua. Panga la kwanza lilimkata vidole vitatu vya mkono wa kushoto. La pili lilimfungua kichwa juu ya sikio. Wakili ameniambia kwamba kesi iko mahakamani, kwa hiyo niseme "mtuhumiwa". Sawa. Mtuhumiwa aliyekata kichwa ni Severini, na mimi nilikuwa hatua nne kutoka pale. Nilimpiga kwa kigoda mpaka kigoda kikavunjika, na nisingeshikwa na watu ningemmaliza.

Aliyempakia Laurenti kwenye gari ni Parveen, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, ambaye alikuwa amekuja kushusha saruji ya shule. Alivua mtandio wake akaufunga kichwani kwa kaka yangu, akaendesha na damu mpaka magotini. Dada Parveen, nimekuona pale nyuma. Familia haina la kukulipa.

Laurenti alifanyiwa upasuaji wa kichwa, akakaa wodini wiki saba. Aliporudi nyumbani alianza kuanguka kifafa, mara nyingine mara tatu kwa siku. Janeth alilala sakafuni pembeni yake miezi yote, ameshika kijiko cha mti cha kumwekea menoni akianguka. Lakini mkono wa kulia ulikuwa mzima. Kila kifafa kilipopita aliomba karatasi. Watu walipanda bodaboda kumfuata kitandani na fomu zao, na alikuwa anasaini huku udenda unamtoka. Kufikia Krismasi hata wale walioapa walikuwa wamesaini, isipokuwa mmoja, na alikuwa ametimiza majina mia na tisa.

La mia na kumi lilikuwa langu. Afisa haruhusiwi kushughulikia faili la ndugu yake, asije akasemwa anapendelea. Kwa hiyo tangu mwanzo aliniweka wa mwisho na akaiandikia Mamlaka impangie mtu mwingine. Aliandika barua nne. Wakubwa wangu mliokaa mbele, barua zile ninazo, na nakala zina mihuri yenu ya kupokelea.

Jumapili tarehe 19 Januari 2025, saa nne asubuhi, wakati Janeth anamwandalia uji, kifafa kilimshika na hakikumwachia. Alikuwa na umri wa miaka arobaini na minane.

Wengi mmeuliza kwa nini amekaa mochwari siku tisa. Kwetu mwanamume anazikwa kwa mama yake, na mama yetu amelala hapa nyuma ya nyumba yangu. Lakini hapa pamepimwa sasa, ni Kiwanja namba 31, na utaratibu wa Mamlaka unasema hakuna kaburi kwenye kiwanja bila saini ya mmiliki aliyesajiliwa. Mmiliki aliyesajiliwa ni Severini Pwele. Yuko mahabusu kwa kumuua huyo tunayetaka kumzika.

Basi jana nilikwenda gerezani. Nilibeba karatasi mbili, ya kibali cha kuzika na ile fomu ya marekebisho ya jina. Sikumsalimu. Nilizisukuma chini ya wavu. Alizisoma zote mbili polepole, maana macho yake yameharibika. Akairudisha fomu ya marekebisho, akaniita kwa jina la binti yetu.

"Hii hapana, Mama Odilia. Sina kingine."

Nikamwambia asaini kile kibali, mtu anaharibika. Akashika kalamu ya askari, halafu akasita.

"Nikisaini, utanisoma?"

"Nikusome wapi?"

"Kwenye wasifu. Mimi ni shemeji yake."

Nilitamani wavu usiwepo. Askari akatazama saa. Nikamwambia nitamsoma. Akasaini, na nikaondoka bila kuaga.

Nilikuwa nimefika stendi ya Msamvu ndipo nikaelewa nimebeba nini. Kwetu mkigombania shamba wazee hawaulizi hati. Wanauliza makaburi. Ukoo uliozika watu wake mahali, hapo ni pao, na hakuna mume, mwana wa mume wala serikali atakayewafukua. Mama yuko hapa, lakini mama alizikwa kabla ya viwanja, wangeweza kusema ni mambo ya zamani. Laurenti anazikwa leo, ndani ya Kiwanja namba 31, kwa kibali chenye muhuri na saini ya mmiliki mwenyewe, kwamba mtoto wa lukolo letu amelazwa hapa na ataendelea kulala hapa. Severini ni Mluguru. Amezika wajomba zake huko kwao. Anajua saini ile ina maana gani. Sijui kama alisahau, au alikataa kwa fomu moja akatoa kwa nyingine kwa sababu hakuweza kunikabidhi ardhi mkononi huku namtazama. Sijamsamehe. Nasema tu nilichokiona.

Laurenti ameacha mke, Janeth. Watoto wawili, Happiness na Kalisti. Dada wawili, mimi Bernadeta na mdogo wetu Yustina. Wapwa saba, ambao kwa desturi yetu ndio wanaochukua nafasi yake katika ukoo. Na wanawake mia na tisa wa Mgongela wanaolala kwenye viwanja vyenye majina yao.

Ameacha pia shemeji mmoja, Severini Pwele.

Nimemsoma. Vijana, mshusheni kaka yangu taratibu, kichwa kielekee kwa mama. Mungu ampokee, na alale hapa asiondoke.