Kiti Kando ya Mama Kwanini

Baada ya miaka ishirini na saba ya kazi katika kituo chetu cha wazee, mwenzetu tunayemwita Mama Kwanini anastaafu Ijumaa hii, tarehe thelathini. Jina hilo alipewa na wazee wenyewe, na mkuu wa kituo naye akijisahau huliandika kwenye barua rasmi.

Aliajiriwa kukaa mapokezi. Kazi yake ilikuwa kuandika nani kaja, nani kaondoka na nani kasahau miwani. Akiwa pale mezani aligundua kwamba wazee wetu huulizwa maswali matatu tu kutwa nzima: umekula, umelala, umemeza dawa? Hakuna aliyewauliza wanafikiri nini. Basi Jumatano moja akamuuliza fundi cherehani mstaafu kama ahadi humfunga hata mtu aliyeisahau. Fundi akajibu, mkunga mstaafu akampinga, chai ikapoa, na jioni wazee wakagoma kupanda gari la kuwarudisha nyumbani.

Hivyo ndivyo lilivyozaliwa darasa la falsafa. Mkunga alipolisikia neno hilo mara ya kwanza aliuliza kama falsafa hunywewa kabla ya kula au baada. Leo ndiye anayetutoa jasho akianza kuchambua haki na huruma.

Darasa lina sheria moja. Huruhusiwi kumpinga mwenzako mpaka uyarudie maneno yake kwa kinywa chako, naye aridhike na kusema, "Umenisikia." Ukikosea, unarudia tena. Kuna siku fundi cherehani aliirudia hoja ya mkunga mara sita, na alipoipatia akajikuta ameshakubaliana naye. Alinuna wiki nzima.

Sheria hiyo ndiyo iliyonipa mume. Mnisamehe, nina miezi miwili tu ya ndoa, na kila njia kwangu inapita kwake. Alikuja kutengeneza feni ya chumba cha darasa, akabaki juu ya ngazi saa nzima akisikiliza, feni imeshapona zamani. Siku tulipozozana kwa mara ya kwanza aliyarudia maneno yangu moja moja, taratibu, kwa ile sauti yake, nami nikajua kuwa maisha yangu yote sitaki kusikilizwa na mtu mwingine. Hadi leo hatujaamua kitanda chetu kikae upande gani wa chumba, kwa sababu kila tukianza kubishana tunaishia kucheka.

Kwa hiyo ninaandika haya nikiwa na furaha ambayo nusu yake ni ya Mama Kwanini, na aibu ambayo ni yangu yote.

Mwaka jana uongozi ulimtaka aandae mrithi, la sivyo darasa lingefungwa na chumba kiwe stoo ya meza mbovu. Alinichagua mimi. Akaweka kiti kando yake, na fundi cherehani akakishonea mto wa kijani. Nilikikalia Jumatano nne. Kisha harusi ikaniteka: leo vipimo vya gauni, kesho kadi, keshokutwa kumtazama tu mchumba wangu akila. Niliomba ruhusa ya Jumatano moja, zikawa kumi na nne. Mama Kwanini hakunigombeza hata mara moja. Mkunga ndiye aliyeniambia baadaye kwamba siku zote hizo hakumruhusu mtu yeyote kukikalia kile kiti.

Jumatano iliyopita, darasa lake la mwisho, nilikuja nikakikalia. Fundi cherehani akasema yaliyokuwa moyoni mwake. Nikafungua mdomo nijitetee, Mama Kwanini akainua kidole. Sheria ni sheria. Nikasema kwamba Babu anaona nilikuwa na shughuli nyingi. Fundi akatikisa kichwa. Nikajaribu tena.

"Babu, unasema mliniandalia kiti nikakiacha kitupu, na yale aliyotaka kunifundisha Mama sasa anaondoka nayo."

"Umenisikia, mjukuu wangu," alisema.

Zamu ya kumpinga ikawa yangu, nami nikamwambia nimekubaliana naye.

Uongozi umetupa miezi mitatu ya majaribio. Wazee wataongoza kwa zamu, mkunga akianza. Mimi nitafungua chumba, nitapanga viti, na nitaokota kwao kidogo kidogo kile ambacho kwake ningepewa kwa mikono miwili. Haitakuwa sawa na kufundishwa naye, na sote tunalijua hilo. Maji yakimwagika hayazoleki.

Mama Kwanini, ahsante kwa kuwauliza wazee wetu swali la nne. Tunakuombea afya njema, usingizi mtamu, na mtu wa kubishana naye kila asubuhi. Jumatano nitakuwa kwenye mto wa kijani. Kiti chako kitabaki kitupu kando yangu, na sitamruhusu mtu yeyote akikalie.