Nywele za Afande Lawrence Ndani ya Bahasha

Mashahidi wote wa kijiwe cha kahawa cha Mutwalibu, hapa Jinja, wanakubaliana juu ya mambo matatu: kwamba Afande Lawrence, askari magereza, alipandikizwa utosini nywele zilizotolewa kisogoni, kwamba wiki ya tatu zilianza kudondoka, na kwamba Jumamosi anasubiriwa Nabuyonga, kule Mbale, kujitambulisha kwa wazazi wa mchumba wake, Lillian. Mengine yote ni madai.

Kwa mazoea ya kazi, Lawrence alizikusanya nywele zilizoanguka, akazitia katika bahasha pamoja na karatasi za daktari, akaifunga kwa gundi na kututaka tutie saini juu yake. Alikusudia kumshtaki daktari. Alikuwa pia ameandika ujumbe wa kuahirisha safari. Bado kuutuma tu.

Tyson wa bodaboda alidai kwamba nywele zilizozoea kivuli cha kisogoni zimehamishiwa juani bila mafunzo. Zahid, mwenye duka la vyuma, alilaumu maji ya Wanyange, mtaa wao, ambayo yeye mwenyewe huyaoga, na kichwa chake kimejaa nywele tele. Mutwalibu hakulaumu kitu, alimuuliza Lawrence mwenyewe.

— Afande, miaka kumi na miwili hujatorokwa na mfungwa hata mmoja. Leo nywele zimekushinda?

Hapo ndipo Nangila, muuguzi aliyekuwa akisubiri gari la Mbale, alipoweka kikombe chini.

— Karatasi ya daktari inasema nini?

Lawrence aliinyanyua bahasha.

— Iko ndani, sista. Ni kielelezo.

— Uliisoma?

— Kielelezo tunafunga, hatusomi.

Nangila aliichana bahasha juu ya saini zetu zote. Karatasi ilieleza kwa herufi nene: nywele zilizopandikizwa hudondoka kati ya wiki ya pili na ya nane, mizizi hubaki, mpya huanza kuota kuanzia mwezi wa tatu au wa nne.

— Kumbe daktari alijua, alisema Tyson. Hiyo ni njama.

Nangila hakumjali.

— Afande, Lillian alipokukubali, ulikuwa na nywele?

— Hapana, sista.

Zahid angali anashauri safari iahirishwe. Tyson, kwamba Afande aingie ukweni na helmeti. Jumamosi ni keshokutwa, na kidole cha Lawrence kingali juu ya ujumbe ule. Kijiwe kimeshasikilizwa kupita kiasi. Wewe uliyesikia yote, ungemwambia autume au aufute?