Mwalimu Mbona na Foleni ya Alhamisi

Ndugu, jamaa, majirani na wanafunzi wa dada yetu, poleni sana, na asanteni kwa kuja. Familia imenituma mimi mdogo wake niwasomee safari ya maisha yake, nami nitajitahidi kuifupisha, ingawa yeye angenikatiza kila mstari.

Dada yetu alizaliwa tarehe 14 Machi 1966, katika nyumba za wafanyakazi nyuma ya kiwanda cha sabuni, akiwa mtoto wa pili kati ya watano wa mzee wetu aliyekuwa mlinzi wa kiwanda na mama yetu fundi cherehani. Alichelewa kuanza kusema, lakini alipoanza hakunyamaza tena, mbona moshi unakuja kwetu siku za mvua tu, mbona duka lina milango miwili na mmoja haufunguliwi, hata majirani wakamwita Mbona, na jina likamganda.

Alisoma shule ya msingi pale kiwandani kuanzia mwaka 1973, akaendelea na sekondari ya bweni mwaka 1980, ambako alirudishwa nyumbani wiki mbili kwa kuuliza mbele ya shule nzima mbona mkuu wa shule anapikiwa chungu chake peke yake, kisha akamaliza chuo cha ualimu mwaka 1986. Alifundisha jiografia katika shule mbili, na kuanzia Januari 1995 akahamia sekondari ya kutwa iliyo jirani na zahanati, akadumu hapo hadi alipougua.

Tarehe 9 Desemba 1989 alifunga ndoa na shemeji yetu, aliyefika nyumbani kusoma mita ya maji, akaulizwa maswali kuhusu mabomba mpaka mtaa mzima ukakosa kusomewa mita siku hiyo. Walijaliwa watoto wawili, wa kiume mwaka 1991, ambaye sasa ni seremala, na wa kike mwaka 1994, dereva wa lori.

Kazi aliyoipenda kuliko zote ni klabu ya utafiti ya wanafunzi, aliyoianzisha mwaka 1998. Mwaka wa kwanza aliwachagulia mada yeye mwenyewe, takataka za mtaani, nao wakamletea majibu matamu yanayofanana, kwa kuwa waliyaandika wakiwa wamekaa vitandani mwao. Alicheka sana, na tangu hapo hakumchagulia mtu. Aliwatuma kwanza watembee mtaani na kutazama tu, kisha kila mmoja alete jambo linalomkera yeye na watu wa nyumbani kwake, ambalo jibu lake hakuna mle darasani anayelijua, na ambalo wanaweza kulifuatilia kwa miguu yao wenyewe, halafu wabishane hadi wakubaliane.

Kwa miaka kumi na minane hakukataa mada yoyote, ila mwaka 2016, wanafunzi walipochagua kuchunguza mbona watu wa mtaa wanaanza dawa za presha kisha wanaziacha, dada yetu aliwapoza, akawatajia mbwa wazururaji, akawatajia bomba linalovuja, hata takataka zilezile akazirudisha. Hawakujua kwamba yeye mwenyewe alikutwa na presha mwaka 2009, akaanza dawa, na hakuwa amekanyaga zahanati tangu 2014, wala sisi hatukujua. Walimjibu kwa heshima zote kwamba samahani, mwalimu, hayo yanakukera wewe, letu ni hili.

Shemeji anasema siku hiyo alirudi nyumbani asiulize swali hata moja, jambo lililomtisha kuliko ugonjwa wowote. Wiki iliyofuata aliketi mbele yao akawaambia waanze na yeye, nao wakamuuliza, naye akajibu kwamba kliniki ya presha ilikuwa Alhamisi, kwamba foleni ilipangwa nje kando ya uzio wa shule, na kwamba aliona haya wanafunzi wake wamwone pale ameshika kadi. Walipozunguka mtaani walikuta wengi wenye haya kama yake, wakalipeleka jambo hilo kwa mganga mfawidhi, mkuu wa zahanati, na foleni ikahamishiwa ndani. Dada yetu akarudi kwenye dawa.

Lakini figo zilikuwa zimeshaguswa na presha, na kuanzia Mei 2024 hali ilibadilika, akalazwa hospitali ya mkoa, ambako aliwauliza madaktari kila mashine inafanya nini, hadi Jumatatu tarehe 2 Septemba, saa nne asubuhi, alipotutoka akiwa na mumewe na watoto wake.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi kwa uvumilivu wao, majirani waliopokezana kutupikia, na walimu wenzake waliobeba vipindi vyake bila kununa. Na ninyi wanafunzi wa mwaka 2016, mliokaa pale nyuma, madaktari walituambia kwamba bila zile dawa asingeufikia mwaka 2018. Mliombwa mbadili mada mkakataa, na kwa kukataa kwenu dada yetu aliwabeba wajukuu wake wote watatu. Familia haina cha kuwalipa.

Dada, umetuachia upweke mkubwa, nasi tunakupenda. Lala sasa, upumzike kwa amani.